Kamera Ianzie Nyumbani

Msiba hauna hodi. Baba yangu mkubwa alipofariki dunia miaka mitatu iliyopita aliacha watoto, wajukuu na vitukuu wasiopungua 40, na karibu kila mtu mzima miongoni mwao alikuwa na simu yenye kamera mfukoni. Usiku ule, ukoo ulipokaa kupanga mazishi, ikatakiwa picha ya marehemu ya kuwekwa mbele ya jeneza. Simu zikatolewa, vidole vikaanza kupekua. Zilionekana picha za magari, za sahani za chipsi, za mechi za mpira, na za sisi wenyewe tumejipiga tukitabasamu mbele ya vioo. Ya mzee haikuonekana. Mwishowe ikapatikana moja tu, iliyopigwa katika harusi ya mjukuu wake: mzee amesimama mstari wa nyuma, na nusu ya uso wake imefunikwa na mwavuli wa mtu mwingine.

Picha hiyo ilipelekwa kwa fundi, akaikata na kuikuza. Uso ukatoka umechujuka kama unaotazamwa kupitia chekeche. Hiyo ndiyo sura tuliyoiaga, na hiyo ndiyo iliyotundikwa ukutani kwake hadi leo. Vitukuu watakaozaliwa wataujua nusu ya uso wa babu yao.

Aibu ile haikuniacha. Mimi ni mfanyakazi wa mjini, sina ujuzi wowote wa upigaji picha. Lakini nilikumbuka kwamba mama yangu mzazi yu hai, yuko Biharamulo, na katika simu yangu mlikuwa na picha zake mbili tu, zote mbili zenye ukungu. Basi likizo yangu ya mwaka ilipofika niliazimia kujifunza kupiga picha, na kuufanya mji wa mama kuwa darasa langu. Niliyoyapata huko, ndugu msomaji, nayaeleza hapa kwa sababu hayahitaji kamera ya gharama kubwa wala safari ya mbali. Yanahitaji macho na subira.

KIPI KIPIGWE KWANZA

Anayekwenda Biharamulo kutoka Kahama hupita Nyakanazi, ambako barabara ya Kigoma inachepuka, kisha hufika Lusahunga, ambako barabara ya Ngara na mpaka wa Rusumo huachana na ile inayoelekea mjini kwetu. Mgeni mwenye kamera huonyeshwa mambo mawili. La kwanza ni Boma la kale lililojengwa na Wajerumani. La pili ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Kijana mmoja wa jirani aliponiona nimechutama uani, nimeielekeza simu kwenye ungo wa maharage, alicheka akaniuliza, "Kaka, mbona hupigi Boma?"

Nilimjibu kwamba Boma limesimama tangu enzi za Mjerumani na kesho tutalikuta. Mama amefikisha miaka 76.

Wala si jambo la kuonea haya mtu kuanzia nyumbani. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alikuwa kijana anayejifunza useremala wakati mzee mmoja wa ukoo wake alipomletea kamera ndogo ya Kodak mwaka 1935, na watu wa kwanza aliowapiga walikuwa jamaa zake. Alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anawapiga watu uani, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Leo picha zake hutundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ulimwenguni. Mohamed Amin naye, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambaye kamera yake iliuamsha ulimwengu kuhusu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza na kamera ya Box Brownie angali mtoto wa shule.

JUA LA BIHARAMULO

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ya kwanza. Nilimweka mama katikati ya uwanja saa 7 mchana, nikidhani kwamba mwanga mwingi ndio mwanga mzuri. Picha ilipotoka, macho yake yalikuwa mashimo mawili meusi, pua imetupa kivuli mdomoni, na paji la uso linang'aa kama bati jipya.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Biharamulo iko kusini kidogo tu ya Ikweta, chini ya nyuzi 3, hivyo jua la mchana karibu mwaka mzima humwagika kutoka juu ya kichwa. Katikati ya Machi na karibu na mwisho wa Septemba hupita utosini kabisa. Tena Biharamulo iko magharibi mwa nchi, ilhali saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Kwa hiyo jua la huku huchelewa kwa nusu saa hivi: hufika kileleni karibu na saa 7 mchana, yaani saa ile ile niliyomsimamisha mama uwanjani. Mwanga mwema kwa uso wa mtu ni ule unaotoka ubavuni, nao hupatikana tangu jua linapochomoza hadi karibu saa 3 asubuhi, na tangu saa 11 jioni hadi linapotua. Saa hizo hata vumbi jekundu la barabarani hupendeza.

Je, anayepata nafasi mchana tu afanyeje? Naye asikate tamaa. Amweke mtu wake barazani, hatua moja ndani ya kivuli, uso ukielekea uwanjani. Ardhi ya uwanja uliofagiwa huupokea mwanga wa jua na kuurudisha taratibu chini ya kofia na ndani ya macho. Jikoni nako, ambako giza na moshi humtisha mpiga picha, mlango wazi unatosha kuwa taa: mtu aketi karibu na mlango, na mpiga picha asimame pembeni, asiuzibe mlango kwa mwili wake. Ikiwa kamera ni ya simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga, ili simu ipime mwanga wa uso na si wa mlango. Nilipofanya hivyo niliona kwa mara ya kwanza mikunjo iliyo pembeni mwa macho ya mama anapopuliza moto.

MGOMBA KICHWANI

Siku ya tatu mwanga ulikuwa mzuri, lakini picha ikaharibika kwa sababu nyingine. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Nyuma yake kuna mgomba. Katika picha, mgomba ule ulionekana umeota juu ya kichwa chake, na majani matatu yametanda kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Jamaa wote walicheka, na mama akacheka kuliko wote.

Jicho letu lina tabia ya kumwona yule tunayempenda na kusahau yote yaliyo nyuma yake. Kamera haina upendeleo huo. Huona mgomba, kamba ya nguo, ndoo ya plastiki na nguzo ya umeme kwa usawa ule ule inavyomwona mama. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, tembeza macho kwenye kona 4 za picha, moja baada ya nyingine, ujiulize kila kitu kilichomo kinafanya kazi gani. Kisicho na kazi kiondoke. Mara nyingi haihitajiki kumhamisha mtu wala kung'oa mgomba. Mpiga picha mwenyewe asogee hatua mbili kushoto, au achutame, au akaribie.

Kukaribia ni dawa ya maradhi mengi. Wengi wetu tunapopiga picha hurudi nyuma hadi mtu anakuwa mdogo kama njiti ya kiberiti katikati ya uwanja mtupu. Karibia kwa miguu yako, si kwa kuvuta picha kwenye kioo, kwani picha inayovutwa hupoteza ukali wake. Nilikaribia hadi nikabaki na mikono ya mama tu na kisu na muhogo anaoumenya. Katika mikono hiyo kuna miaka isiyopungua 60 ya jembe. Picha ile haina uso, lakini ndugu zangu wote waliitambua bila kuambiwa.

Mtoto naye asipigwe kutoka juu. Mjukuu wa mama, mwenye umri wa miaka 4, katika picha zangu za mwanzo alikuwa utosi na vidole vya miguu. Nilipopiga goti macho yetu yakawa sawa, naye akawa mtu kamili mwenye mambo yake, ameshikilia gari lake la mabua.

VYUMBA TISA

Wapigaji picha wanayo kanuni ya zamani ambayo hata simu nyingi zinaweza kuionyesha kwa mistari miembamba kwenye kioo: mistari 2 ya kusimama na 2 ya kulala, inayoigawa picha katika vyumba 9. Anayeanza huweka kila kitu katika chumba cha katikati. Kanuni inasema, mweke mtu kwenye mmoja wa mistari ya kusimama, na macho yake yakaribie mstari wa juu wa kulala. Kisha uache nafasi upande ule anaoutazama. Mama akitazama kulia, mpe uwanja wa kulia. Ukimbana kwenye ukingo anaoutazama, ataonekana kama aliyegonga ukuta.

Hata hivyo kanuni hii ni fimbo ya kutembelea, si sheria ya serikali. Mama alipotokeza katika mlango wa nyumba, mwimo mmoja huku na mwingine huku, mahali pake palikuwa katikati hasa, nami nikamwacha hapo.

Neno jingine ni subira. Zamani filamu ilikuwa na picha 12, au 24, au 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Hivyo mtu alitazama sana kabla ya kubonyeza. Simu imetuondolea gharama, lakini pamoja nayo imetuondolea kutazama. Nilijiwekea mpaka: picha 12 kwa siku, basi. Ndipo nilipogundua kwamba kazi ya mikono ina mapigo yake kama ngoma. Mama anapopepeta, ungo huenda juu, maharage huelea kitambo kidogo hewani, makapi hupeperuka, kisha ungo hushuka. Siku mbili nzima nilipata ungo mtupu au maharage yaliyokwisha kutua. Siku ya tatu niliacha kuyafuata kwa macho na kuanza kuyahesabu, na katika picha ya tisa nikayakuta yote yako hewani, na mama ameyatazama bila wasiwasi hata kidogo.

KITENGE CHA JUMAPILI

Nilidhani nimehitimu. Jioni hiyo nilimwonyesha mama picha zangu kwa majivuno. Alizitazama kwa utulivu, moja baada ya nyingine, kisha akanirudishia simu.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hizi ndizo utakazowapelekea watu wa Dar es Salaam?"

"Ndiyo, mama."

"Nguo ya shambani, miguu mitupu, nimeinamia ungo. Watu watanitazama hivyo miaka yote. Watasema nilizaa watoto wasionivika."

Sikuwa na jibu. Akainuka, akaleta sanduku la bati ambalo huliweka chini ya kitanda, na kunitolea picha moja ya marehemu baba. Nyuma yake imeandikwa kwa kalamu neno "Ukumbusho" na mwaka 1979. Baba amekaa kwenye kiti, shingoni tai, mkono mmoja juu ya redio, nyuma yake pazia lililochorwa maua. Tangu utotoni niliidharau picha ile kwa ukakamavu wake, kwani baba amekaa kama askari katika gwaride.

"Redio hiyo haikuwa yake," mama akasema. "Ilikuwa ya mpiga picha, na tai pia. Lakini ni yeye mwenyewe aliyevichagua."

Hapo ndipo nilipoelewa somo ambalo mistari ya vyumba 9 haina. Anayepanga picha si mwenye kamera peke yake. Mtu anayepigwa naye ana neno lake juu ya namna atakavyoonekana na watu asiowajua, siku ambazo yeye mwenyewe hatakuwapo kujieleza. Baba alitaka wajukuu wake wamkute na tai na redio, akaipata haja yake.

Wazo hilo lilinikumbusha mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, katika muda wa saa 24 hivi, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, majirani zetu. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Wapigaji picha wa mataifa walifika, miongoni mwao Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki mwaka 2025, na picha zao zikauzunguka ulimwengu. Zilifanya kazi njema, kwa sababu ziliwafanya watu wa mbali waione dhiki iliyokuwako. Lakini wengi wa watu waliomo katika picha za namna hiyo hawana majina. Hatujui nani alikuwa mwalimu, nani mshonaji, wala nani angependa kupigwa akiwa amevaa kiatu. Kwa watu wengi wa nje, picha hizo ndizo sura pekee ya pembe hii ya nchi waliyopata kuiona. Asiyejipiga picha kwao hana budi kukubali ile iliyopigwa na mpita njia.

Asubuhi ya Jumapili mama alivaa kitenge chake kipya na kilemba, akavaa viatu. Nilimkumbuka Keïta na shuka lake. Nikatundika kanga ukutani, barazani, kwa misumari miwili, nikaweka kiti. Mama alikaa wima, mikono magotini, hakutabasamu. Mwanga wa saa 2 ulimjia kutoka ubavuni. Nilipiga picha 3 tu. Alipoziona alichagua ya pili, akasema, "Hii ndiyo ya siku yangu." Sikumwuliza siku gani.

Kisha akaongeza, "Ile ya ungo nayo uitunze. Ila hiyo ni yenu, ya nyumbani."

KUITUNZA

Picha iliyomo ndani ya simu ni kama mbegu iliyomo mkononi: simu ikidondoka ndani ya maji au ikiibwa, mavuno yamekwisha. Nilirudi mjini nikasafishiwa picha 10 kwenye karatasi. Nyuma ya kila moja niliandika kwa kalamu majina ya waliomo, mahali na tarehe. Nakala moja nilimpelekea mama kwa sanduku lake la bati, nyingine ipo kwa dada yangu, kwa maana mchwa na unyevu havijui heshima. Majina ndiyo muhimu kupita yote. Mna picha kadhaa katika sanduku lile ambazo hata mama hazitambui tena, watu nadhifu wanaotutazama moja kwa moja, na hakuna wa kutuambia ni akina nani.

Basi, ndugu msomaji, Jumapili ya leo, kabla chakula hakijaiva, chukua simu yako uende alipo mzee wako, au mwenzi wako anayepiga pasi, au mtoto anayeosha viatu vya shule. Mwombe ruhusa na umwulize angependa kuonekana vipi. Tazama jua liko wapi. Tazama kona 4. Sogea karibu, kisha ngoja. Huenda picha ya kwanza isifae, wala ya pili. Mimi nilitumia likizo nzima kupata 10.

Siku niliyoondoka, mama alinisindikiza hadi mbele ya nyumba, mkoba wangu uko chini, pikipiki ya kunipeleka stendi inangoja. Akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi hiyo simu. Mimi pia nataka wa kwangu wa kumtazama."

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akaishika kwa mikono miwili, akanitazama kupitia kioo kwa muda mrefu, dereva wa pikipiki akikohoa. Kisha akatikisa kichwa.

"Sogea kushoto, baba. Mgomba umekuota kichwani."